William Shockley: Ilimu Yake na Kibri Chake

Katika miaka ya 1960 zilienea katika miji yetu ya pwani redio ndogo za kubebeka mkononi, zisizohitaji waya wa ukutani. Mzee aliyeketi barazani jioni akisikiliza khabari za Cairo au za London aliiita redio yake transista, na watoto wakaiita hivyo hivyo. Ni wachache waliojua kwamba hilo si jina la redio yenyewe, bali ni jina la kidude kidogo kilichomo ndani yake. Leo kidude hicho kimo katika kila simu ya mkononi, wala si kimoja wala elfu, bali ni mabilioni, vimepangwa juu ya kipande kimoja kisichozidi ukucha wa kidole.

Tumeazimia kueleza hapa maisha ya mtu mmoja katika watatu waliopewa sifa ya uvumbuzi huo, naye ni Mmarekani William Shockley, mwana-fizikia. Hatukumchagua kwa wema wake. Tumemchagua kwa kuwa kazi yake imetufikia sisi mpaka mifukoni mwetu, na neno lake baya nalo limetuhusu. Kwani mtu huyu, baada ya kupata heshima kubwa kuliko zote apatazo mtaalamu wa fizikia, alisimama mbele ya watu akadai kwamba weusi wa Marekani, ambao asili yao ni bara letu hili, wamezaliwa na akili pungufu. Na waliomsikiliza walimsikiliza kwa ajili ya ile transista. Basi yafaa tujue ilimu yake ilikuwa ya kiasi gani, na iliishia wapi.

Alizaliwa mjini London tarehe 13 Februari 1910, kwa wazazi wa Kimarekani waliokuwa wakikaa huko kwa kazi. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi, na mama yake pia alikuwa na ilimu ya madini, jambo la nadra kwa mwanamke wa zama zile. Mwaka 1913 walirejea Marekani wakakaa katika mji wa Palo Alto, California. Wazazi hawakumpeleka mtoto skuli mpaka alipotimia miaka minane, kwani walidhani wao wenyewe watamfunza vizuri zaidi. Jirani yao mmoja alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Stanford, na yasemwa kwamba yeye ndiye aliyemtia kijana huyu hamu ya ilimu hiyo.

Hapa kuna kisa kidogo ambacho twamwomba msomaji akiweke akilini. Katika siku hizo alikuwako Stanford profesa mmoja, Lewis Terman, aliyekuwa akishughulika na kupima akili za watoto kwa mitihani aliyoitunga, ili awachague wenye akili nyingi kupita kiasi na kuwafuata maisha yao yote. Shockley alipimwa utotoni kwa mtihani huo, na alama zake hazikufika kiwango kilichotakiwa. Akaachwa. Katika watoto waliochaguliwa, zaidi ya elfu moja, hakuna hata mmoja aliyepata tuzo ya Nobel. Aliyeachwa ndiye aliyeipata. Ungelidhani mtu aliyepatwa na jambo kama hilo angelikuwa wa mwisho kuamini kwamba mitihani ya namna hiyo yaweza kumpima binadamu.

Baba yake alifariki mwaka 1925. Kijana akasoma katika chuo cha ufundi cha California, kijulikanacho kwa jina la Caltech, akamaliza mwaka 1932, kisha akaenda mashariki ya Marekani katika chuo cha ufundi cha Massachusetts na kupata udaktari wa fizikia mwaka 1936. Utafiti wake wa udaktari ulikuwa juu ya chumvi, hii hii tuilayo, namna elektroni zinavyokaa ndani ya punje zake. Mtu wa kawaida huenda akacheka kusikia kwamba mtu alitumia miaka akiihesabia chumvi. Lakini mlango wa mambo yote yaliyofuata ulikuwa ni huo, kuelewa kwa hesabu jinsi umeme unavyopita au usivyopita ndani ya kitu kigumu.

Mwaka huo huo akaajiriwa na maabara ya Bell, iliyokuwa mali ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa na haja ya kweli. Simu za nchi nzima zilikuwa zikiunganishwa kwa swichi za chuma zenye kugongana na kuchakaa, na sauti za masafa marefu zikikuzwa kwa valvu za kioo, ambazo zala umeme mwingi, zatoa joto, na huungua kama taa. Mkubwa mmoja wa maabara hiyo, Mervin Kelly, alimweleza Shockley kwamba ataka siku moja kazi hizo zifanywe kwa elektroni tupu, pasi na chuma kugongana. Neno hilo halikumtoka kijana yule kichwani. Mwishoni mwa mwaka 1939 aliandika katika daftari lake rai ya kutengeneza kikuza-umeme kwa semikondakta badala ya valvu.

Neno hili semikondakta twalieleza kwa ufupi. Shaba yapitisha umeme, kioo chauzuia. Baina ya hivyo viwili kuna vitu, kama vile jemaniamu na silikoni, ambavyo hupitisha kidogo, na kiasi chake cha kupitisha chaweza kubadilishwa kwa joto, kwa mwanga, au kwa kuvitia uchafu mdogo mno uliopimwa kwa hisabu. Yeyote awezaye kuufungua na kuufunga umeme ndani ya kitu kama hicho amepata bomba lenye mfereji usiokuwa na chuma chenye kuchakaa.

Vita vikaingia kati. Toka mwaka 1942 Shockley aliacha maabara akawatumikia wanajeshi wa nchi yake, akiwafanyia hesabu za namna bora ya kuzisaka nyambizi za Wajerumani baharini, na baadaye za kuwafunza marubani kutumia rada. Kazi hiyo ilimpatia nishani mwaka 1946. Twaipita upesi.

Mwaka 1945 alirudi na kuwekwa kuwa mmoja wa viongozi wa kundi la kuchunguza vitu vigumu. Katika kundi hilo walikuwamo watu wawili ambao lazima tuwataje. John Bardeen alikuwa mtu wa nadharia, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye wengi walimdhania hana la kusema mpaka asemapo. Walter Brattain alikuwa fundi wa majaribio, mwenye mikono ya ajabu. Shockley alikuwa mkubwa wao kwa cheo, na mwepesi wao wa akili kwa kauli ya wote waliomjua.

Rai ya Shockley ilikuwa hivi: ukikiweka kibamba cha chuma chenye umeme karibu na uso wa semikondakta, bila ya kugusana, nguvu ya kibamba hicho itazivuta elektroni zilizomo ndani, na mkondo utazidi au kupungua kwa amri yako. Kwa hesabu jambo hilo lilikuwa sahihi. Lilipojaribiwa halikutenda kitu. Bardeen ndiye aliyefahamu sababu yake mwaka 1946: elektroni nyingine hunaswa katika uso wa kitu kile, zikasimama kama ukuta, na nguvu ya nje haipenyi ndani. Toka hapo Bardeen na Brattain wakashika kuuchunguza uso huo siku baada ya siku, na Shockley akawaacha, akashughulika na mambo yake mengine.

Tarehe 16 Disemba 1947 hao wawili walifanikiwa. Chombo chao kilikuwa duni kukitazama. Brattain alichukua kabari ya plastiki, akaifunika ukingoni kwa karatasi nyembamba ya dhahabu, akaipasua dhahabu hiyo kwa wembe penye ncha ili ziwe pande mbili zenye mwanya usiozidi unene wa unywele, kisha akaikandamiza kwa springi juu ya kipande cha jemaniamu. Umeme mdogo ulioingia upande mmoja ulitoka upande wa pili umekuzwa. Tarehe 23 Disemba wakawaonyesha wakubwa wa maabara; sauti ya mtu ilipitishwa ndani ya kidude kile, na ikasikika imekuzwa pasi na valvu hata moja. Jina la transista lilibuniwa na mwenzao mwingine wa maabara, John Pierce.

Shockley aliwapongeza. Lakini moyo wake, kama alivyokiri mwenyewe baada ya miaka mingi, ulikuwa na uchungu, kwani jambo alilolitafuta tangu 1939 lilipatikana chini ya uongozi wake lakini si kwa mkono wake. Alitaka hati ya haki ya uvumbuzi iandikwe kwa jina lake kwa hoja kwamba rai ya asili ilikuwa yake. Mawakili wa kampuni walipoyachunguza madaftari waligundua kwamba rai hiyo ilikwisha andikishwa zamani, katika miaka ya 1920, na mwana-fizikia mwingine, Julius Lilienfeld. Hivyo hati ya transista ile ya kwanza iliandikwa kwa majina ya Bardeen na Brattain, na jina la Shockley halimo.

Sasa twafika mahali ambapo sisi, kila tukisoma khabari zake, hukaa tukafikiri. Watu wengi hasira ya namna hii huwaharibia kazi. Huyu ilimpa kazi iliyo bora kuliko zote alizowahi kuifanya. Alijifungia katika chumba cha hoteli mjini Chicago, siku za mwisho wa mwaka 1947 na mwanzo wa 1948, akaandika kurasa baada ya kurasa. Akarudi nyumbani, akaendelea usiku na mchana. Na tarehe 23 Januari 1948 akapata sura ya transista nyingine kabisa. Hii haikuwa na ncha za dhahabu zenye kugusa uso na kuteguka kwa mtikisiko mdogo. Ilikuwa ni tabaka tatu za kitu kimoja, mbili za namna moja na ya katikati ya namna nyingine, nyembamba sana, kama nyama baina ya vipande viwili vya mkate, na umeme ukipita ndani ya mwili wake badala ya kupita usoni. Imara, rahisi kuifahamu kwa hesabu, na yenye kutengenezeka kiwandani. Transista zilizotumika katika redio zetu zile zilikuwa za ukoo huu, si za ukoo wa kabari ya dhahabu.

Lakini pamoja na hayo alifanya jambo ambalo halikuwa na sababu ila kibri. Aliificha rai hiyo kwa wenzake. Bardeen na Brattain walikuwa chini yake, wakiingia na kutoka katika vyumba vile vile, wala hakuwaambia neno kwa muda wa karibu mwezi mzima. Haikudhihirika ila katika mkutano wa tarehe 18 Februari 1948, pale mtaalamu mwingine wa maabara hiyo, John Shive, alipowaeleza wenzake jaribio lake lililoonyesha kwamba umeme waweza kupita ndani ya jemaniamu kutoka uso mmoja hata wa pili. Shockley aliona kwamba hatua moja tu yabakia kabla mwingine hajaifikia siri yake. Akainuka papo hapo, akaitoa yote. Wenzake wawili walikaa kimya wakisikiliza. Ulimwengu ulitangaziwa khabari ya transista tarehe 30 Juni 1948, na Shockley alikuwamo katika picha: ameketi mbele ya darubini kwenye meza ya Brattain, na wenye uvumbuzi wamesimama nyuma yake. Brattain aliichukia picha hiyo maisha yake yote.

Kuigeuza rai kuwa kitu cha kushika kulihitaji watu wengine, na hili pia ni katika mambo yanayosahauliwa. Fundi wa kemia, Gordon Teal, ndiye aliyeshikilia kwamba lazima jemaniamu ioteshwe kama fuwele moja kamili isiyokuwa na ufa ndani yake. Shockley mwanzoni hakuona haja ya hilo. Teal akafanya kazi yake baada ya saa za kazi, kwa vyombo vya kusukumwa kwa magurudumu, akivitoa usiku na kuvirudisha asubuhi. Alikuwa sahihi. Yeye na Morgan Sparks wakaifanya transista ya tabaka kwa fuwele hiyo mwaka 1950, ikatangazwa mwaka 1951. Mwaka 1950 pia Shockley alitoa kitabu kikubwa juu ya elektroni na semikondakta, ambacho wahandisi wa kizazi kile walikisoma kama wanafunzi wasomavyo matini ya darsa. Katika jambo hili tumpe haki yake: aliitengeneza ilimu hiyo ikafundishika.

Ama kundi lake lilivunjika. Bardeen aliondoka mwaka 1951 akaenda Chuo Kikuu cha Illinois, kwa kuwa mkubwa wake hakumwachia kazi ya maana. Huko aliendelea kimya kimya, na mwaka 1972 akapata tuzo ya pili ya Nobel ya fizikia, jambo ambalo halijampata mtu mwingine yeyote. Brattain aliomba ahamishwe asiwe chini ya Shockley. Na wakubwa wa maabara, kila walipogawa vyeo, walimpita Shockley. Walijua akili yake, na walijua pia namna anavyokaa na watu.

Akaona afadhali ajitegemee. Mwaka 1955 alikubaliana na tajiri mmoja wa California, Arnold Beckman, mwana-kemia mwenye kiwanda cha vyombo vya kupimia, amfungulie maabara yake mwenyewe. Shockley alichagua mahali karibu na Palo Alto, alikokulia na ambako mama yake alikuwa angali akiishi. Bonde hilo wakati ule lilikuwa la mashamba ya matunda. Jengo lilikuwa dogo, katika mji wa Mountain View, barabara ya San Antonio, nambari 391. Huko ndiko alikoipeleka silikoni, akiamini, na imani yake ilikuwa ya kweli, kwamba silikoni itaishinda jemaniamu kwa kuwa yastahamili joto.

Katika kuchagua watu hakuwa na mfano. Alizunguka nchi nzima akiwatafuta vijana wenye ilimu bora, akiwapigia simu mwenyewe, nao wakashangaa kuitwa na mtu waliyemjua vitabuni. Akawapata Robert Noyce, Gordon Moore, Jean Hoerni na wengineo, ambao wengi wao hawajafika miaka thelathini. Kila mmoja aliyemchukua alimtaka kwanza apimwe akili kwa mitihani. Tarehe 1 Novemba 1956 ikaja khabari kwamba yeye, Bardeen na Brattain wamepewa tuzo ya Nobel ya fizikia kwa pamoja, na Disemba wakakutana tena watatu hao mjini Stockholm kuipokea. Mtu angesema dunia imemfungukia.

Lakini maabara ilikuwa ikioza ndani. Aliwatangazia wafanyakazi wote mishahara ya kila mmoja, wakaanza kutazamana. Kijana akimletea natija ya jaribio, yeye huinua simu na kuwauliza marafiki zake wa maabara ya Bell kama yaweza kuwa kweli, na kijana yule amesimama pale pale. Siku moja mfanyakazi wa kike alijichoma mkono mlangoni. Shockley akashikilia kwamba kuna mtu aliyefanya njama, akataka wafanyakazi wapimwe kwa mashine ya kugundua uwongo. Walipochunguza wakaona kwamba ni pini ya kubania karatasi iliyopotewa na kichwa chake. Na juu ya yote, aliiacha transista ya silikoni ambayo vijana wake walitaka kuitengeneza, akawashughulisha na kidude cha tabaka nne alichokibuni mwenyewe kwa ajili ya swichi za simu. Kilikuwa chombo cha busara kwa hesabu, lakini kiwandani kila kimoja kilitoka na tabia yake.

Vijana walimwendea Beckman wakamwomba awekwe mtu mwingine juu ya maabara, na Shockley abaki kuwa mshauri. Beckman alielekea kukubali, kisha akarudi nyuma, kwani si jepesi kumwondoa mtu aliyetoka kupata Nobel. Ndipo wanane katika walio bora wao walipoacha kazi kwa pamoja tarehe 18 Septemba 1957. Walipata mtaji kutoka kwa mwenye kampuni ya picha za anga, wakaanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor si mbali na hapo. Mwaka 1959 Hoerni alivumbua njia ya kuilinda transista ya silikoni kwa ngozi ya oksidi juu yake, na kwa njia hiyo Noyce akaweza kuziunganisha transista nyingi juu ya kipande kimoja. Naye Jack Kilby katika kampuni nyingine alikuwa ameonyesha mfano wake mwaka 1958. Mwaka 1968 Noyce na Moore wakaanzisha kampuni ya Intel. Bonde la matunda likawa bonde la silikoni. Utajiri wake haukadiriki, na mtu aliyeileta silikoni bondeni hakuambulia kitu katika huo. Maabara yake haikupata faida hata siku moja. Beckman aliiuza mwaka 1960, ikauzwa tena, kisha ikafungwa.

Mwaka 1961 alipata ajali mbaya ya gari akaumia sana. Mwaka 1963 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford. Na toka mwaka 1965 hivi akaanza lile jambo ambalo kwa ajili yake tumeishika kalamu.

Alidai kwamba watu wenye akili ndogo wazaa zaidi kuliko wenye akili nyingi, na kwamba kwa hivyo jamii ya watu inarudi nyuma. Na kwamba tofauti ya alama za mitihani baina ya weupe na weusi wa Marekani ni ya damu, wala haiondoki kwa skuli wala kwa uadilifu. Alipendekeza kwamba serikali iwalipe wenye alama chini ya mia moja dola 1,000 kwa kila alama iliyopungua, kwa sharti wakubali kufungwa uzazi. Mwaka baada ya mwaka aliliendea Baraza la Taifa la Sayansi la Marekani, ambalo alikuwa mmoja wa wanachama wake, akitaka lifanye uchunguzi wa jambo hilo kwa njia yake, nalo likamkatalia. Wataalamu wa urithi wa maumbile walio jirani zake pale pale Stanford walimpinga kwa maandishi.

Twapenda kuipima hoja yake kama hoja, tusimtukane tu. Yeye hakuwa mwanachuoni wa urithi wa maumbile, wala hakufanya jaribio lolote katika ilimu hiyo. Alichukua alama za mitihani zilizokusanywa na wengine, akazitilia hesabu. Chukua mbegu za mahindi za kikapu kimoja, nusu uzipande katika udongo mweusi penye maji, nusu katika mchanga wa ufuoni. Katika kila shamba, mmea kuushinda mwenziwe huenda kukawa kwa mbegu. Lakini shamba moja kulishinda shamba la pili ni kwa udongo. Weusi wa Marekani walikuwa wametiwa utumwani mpaka mwaka 1865, na skuli zao katika majimbo ya kusini zilitengwa kwa sheria mpaka mahkama kuu ya nchi hiyo ilipoharimisha jambo hilo mwaka 1954, na hata baada ya hapo kwa miaka. Mtu aliyetumia umri wake kuonyesha jinsi uchafu wa sehemu moja katika mamilioni unavyobadilisha tabia ya fuwele nzima, alikataa kuona kwamba miaka mia mbili ya dhulma yaweza kubadilisha alama za mtihani. Na mtihani wenyewe ni wa ukoo ule ule uliomwacha yeye utotoni.

Ajabu zaidi ni kwamba kipimo hicho hakuwaepushia hata watoto wake. Alisema hadharani kwamba wamerudi nyuma wakilinganishwa na yeye, na sababu akaiweka kwa mama yao, mke wake wa kwanza, kwamba hakuwa na daraja ya ilimu kama yake.

Miaka ishirini na zaidi ilipita katika mambo hayo. Wanafunzi walimzomea na kumzuia asiseme katika vyuo kadha wa kadha. Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kilikuwa kimpe shahada ya heshima mwaka 1973, kikaighairi. Yeye aliyachukua yote hayo kuwa ni dalili kwamba yu sahihi. Alinasa kila mazungumzo ya simu yake kwa mashine, akawafanyia mtihani waandishi wa magazeti kabla ya kukubali kusema nao. Alipostaafu mwaka 1975 alikuwa haulizwi tena habari za semikondakta ila mara chache, naye alikwisha sema kwamba kazi hii ya pili ndiyo itakayokumbukwa zaidi. Gazeti moja la Atlanta lilimlinganisha na Wanazi, akalishitaki. Mwaka 1984 baraza la mahkama likaamua kwamba kweli amevunjiwa heshima, kisha likampa fidia ya dola moja. Kabla ya hapo, mwaka 1982, aligombea kuteuliwa na chama chake kwa kiti cha California katika Seneti, kwa ajili ya rai hizo hizo, akawa wa nane.

Alifariki nyumbani kwake Stanford tarehe 12 Agosti 1989, kwa saratani, naye ana miaka 79. Mke wake wa pili, Emmy, alikuwa naye mpaka mwisho. Wanawe watatu, ambao alikuwa hasemi nao tangu zamani, walipata khabari za kifo chake magazetini.